Fundi aliyefunga kamera amejuaje tumehamisha kochi?

Anti shikamoo. Jina langu naomba lisiandikwe. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Kimara, mume wangu yuko Muscat kikazi anarudi likizo mara moja kwa mwaka. Mwaka jana wezi waliruka ukuta wakabeba pampu ya maji na nguo zote zilizokuwa kwenye kamba, mume wangu akaumia sana kwamba yuko mbali na sisi huku tunaibiwa, akasema lazima tufunge kamera na mi nilikubali kwa moyo mmoja maana hata mi usiku nilikuwa silali. Akapata fundi kupitia kwa rafiki yake, kijana wa hapa hapa mtaani anayefunga ving'amuzi na kamera, akamtumia hela kwenye simu, kijana akaenda Kariakoo akaja nazo nne. Moja getini, moja nyuma kwenye tenki la maji, moja sebuleni na moja kwenye korido ya kwenda vyumbani. Hizo mbili za ndani ni zile za balbu, zinafungwa kwenye holda ya taa, zinazunguka huku na huku na zina spika kabisa, mtu anaweza kuongea nawe akiwa popote.

Fundi aliseti kila kitu kwenye simu yake, afu akampigia mume wangu video wakaelekezana huko huko wao wawili mpaka mume wangu akawa anaona. Mi sikuwekewa kwenye simu yangu. Niliuliza nikaambiwa haina haja, bando litaisha bure.

Mwanzoni zilikuwa za usalama kweli. Baadae ndo nikaanza kusikia sauti ya mume wangu kutoka juu darini, "mbona watoto hawajalala", "huyo aliyekuja ni nani", siku mdogo wangu amekuja tumekaa tunasukana nywele kavua mtandio wake, mara tunasikia "shemeji karibu" kutoka kwenye balbu, yule mtoto alishtuka akakimbilia chumbani na toka siku hiyo hajaja tena. Dada wa kazi ndo kabisa, anakula jikoni amesimama, anasema sebuleni hawezi kukaa anaona kama anasimamiwa, juzi kaniambia mwisho wa mwezi anataka kurudi kwao Singida. Mtoto wangu mkubwa ana miaka sita, akitoka shule anavulia sare hapo hapo sebuleni, ndo nyumba zetu zilivyo.

Sasa Anti kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Usiku mmoja nimetoka kuoga nimejifunga khanga, nafika koridoni naona kamera inageuka inanifuata mpaka mlangoni kwa chumba. Nikampigia mume wangu nikamwambia kwa ukali aache, hakupokea, akanipigia baadae sana anasema yuko zamu na kazini simu wanaziacha kwenye makabati, akaapa kwamba sio yeye. Nikajua ananidanganya. Wiki iliyofuata nikakutana na yule fundi dukani kwa Mangi, kanisalimia vizuri tu, "shem za siku, naona mmehamisha kochi mmeweka dirishani, sebule imekaa vizuri". Anti, yule kijana toka afunge zile kamera hajawahi kuingia ndani kwangu. Na kochi tumelihamisha juzi juzi. Nilisikia baridi nikashindwa hata kununua nilichofuata.

Niliporudi nikaifunika ile ya sebuleni na kitambaa. Haikupita nusu saa mume wangu kapiga anafoka, unaficha nini, nani yuko hapo ndani. Nilipomwambia habari ya fundi akasema namsingizia kijana wa watu ili nitoe kamera nipate uhuru wangu. Nimekaa nalia tu.

Naomba uniambie ukweli, inawezekana fundi akawa anatuona? Na je mi kama mke nina haki ya kuzitoa wakati hela ni ya mume wangu na nyumba kajenga yeye? Halafu mdogo wangu ananiambia hata TV ya intaneti tuliyonayo inasikiliza mnachoongea, hilo nalo ni kweli ama ananitisha?

Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam

---

Marahaba mwanangu, na pole sana, barua yako nimeisoma nikairudia.

Nianze na kochi, maana hapo ndo pana jibu lako. Ile kamera kugeuka yenyewe kukufuata koridoni haitoshi kuwa ushahidi, kamera nyingi za balbu zina setingi ya kumfuata mtu, ikiona kitu kinatembea inageuka nacho bila kuguswa na mtu yeyote, kwahiyo inawezekana kabisa usiku ule mume wako alikuwa anakwambia kweli na simu yake ilikuwa kabatini. Ila mtu ambaye hajaingia ndani kwako kukwambia kochi limehamia dirishani, hapo hakuna setingi. Ama alichungulia kwa macho yake dirishani, ama kuna mtu wa ndani kamsimulia habari za makochi, ama anaiona sebule yako kwenye simu yake. Na kwa jinsi ulivyoeleza kamera zilivyofungwa, mi naliweka hilo la tatu mbele.

Naomba uelewe zinavyofanya kazi maana ukielewa utaweza kumweleza mume wako bila kugombana. Kamera hizi mara nyingi hazimjui mwenye nyumba wala aliyetoa hela, zinamjua yule wa kwanza aliyeskani ile stika yenye vimraba akaiingiza kwenye akaunti yake. Huyo ndo mwenye kamera. Wengine wote wanaongezwa na yeye kama wageni wa kuangalia. Wewe umesema fundi aliseti kwenye simu yake, afu ndo mume wako akaanza kuona. Kwa maana hiyo kuna uwezekano mkubwa mume wako, aliyelipia kila kitu, ni mgeni kwenye kamera za nyumba yake mwenyewe, na kijana wa mtaani ndo mwenyeji. Anaona laivu, anasikia maana zina maikrofoni, anaweza kuzizungusha, anaweza kurekodi, na akitaka anaweza kumuongeza mtu mwingine wa nne wa tano nyie msijue.

Mume wako akisema unamsingizia kijana wa watu, msimulie hili limetokea na limefika mahakamani. Huko Dallas, Texas, kulikuwa na fundi wa kampuni kubwa ya ulinzi wa majumba, ADT, kazi yake kufunga kamera kwa wateja. Akifika anaongeza imeli yake kwenye akaunti ya mteja, wengine hawaambii kitu, wengine anawaambia inabidi ajiweke kwa muda ili ateste mfumo. Alifanya hivyo zaidi ya miaka minne. Alikiri mwenyewe kwamba aliingia kwenye akaunti za wateja kama 200, zaidi ya mara 9,600, akichagua nyumba zenye wanawake aliowatamani, akiwaangalia wakiwa uchi na wakiwa na waume zao vyumbani. Mwaka 2021 akafungwa miezi 52. Huyo alikuwa ameajiriwa, ana kitambulisho cha kampuni na mabosi juu yake. Wa kwako hana bosi.

Na sio mafundi peke yao. Ring, kampuni ya kamera iliyo chini ya Amazon, mwaka 2023 ilikubali kulipa dola milioni 5.8 baada ya tume ya biashara ya serikali ya Marekani kuishitaki kwamba mfanyakazi wake mmoja alikuwa anaangalia maelfu ya video za wateja wanawake, zimepigwa na kamera walizoweka wenyewe vyumbani na bafuni. Kwenye mashitaka hayo hayo kulikuwa na wadukuzi walioingia kwenye kamera za watu wakawa wanawatukana wanawake na kuwatisha watoto kwa spika, spika kama hiyo ya kwako iliyosema shemeji karibu. Hawa ni matajiri wana wanasheria na wataalamu, kamera zao bei juu. Sasa fikiria balbu ya Kariakoo.

Cha kufanya. Kwanza hizo mbili za ndani zitoe kwenye holda leo, weka balbu ya kawaida. Usizifunike, kitambaa kinazuia jicho tu, masikio yanabaki wazi, na ndo maana mume wako anaona giza anapaniki anadhani unaficha kitu. Ila kabla hujazitoa mtumie mume wako ujumbe wa sauti, na ni wa sauti kwasababu maandishi yanasomeka kwa hasira ya msomaji. Mwambie hivi: "Baba, nina wasiwasi kuna mtu mwingine anatuona ndani, nazitoa za ndani usiku huu, za nje zinabaki zinafanya kazi, ukitoka kazini nipigie tuangalie wote kwenye simu yako." Hapo hujaficha kitu, hujamtuhumu yeye, na za getini na za nyuma anaendelea kuziona, wezi wanakopitia ndo huko.

Akikupigia muombe afungue ile aplikesheni, aingie kwenye setingi za kila kamera, atafute sehemu inayoonyesha watumiaji au walioshirikishwa. Ikiandika kwamba kamera ameshirikishwa na mtu mwingine, au akikosa kabisa hiyo sehemu ya kuongeza na kutoa watu, basi mwenye kamera sio yeye. Apige skrinishoti yenye tarehe. Kila kamera. Nakuomba msimpigie fundi kwanza, nakusisitiza hapo, maana akistuka anajitoa anafuta na mnabaki na maneno matupu. Hizo kamera pia mara nyingi zina memori kadi pembeni au chini, kidogo kama ukucha, zitoe mzifunge kwenye bahasha mkae nazo.

Mkishapata picha za ushahidi ndo kamera ziriseti. Kuna kitobo kidogo au kitufe, unabonyeza na pini au kijiti cha sikio kilichokatwa unashikilia mpaka itoe sauti au taa ibadilike. Baadhi ya kamera hata ukiriseti bado zinabaki kwenye akaunti ya yule wa kwanza mpaka azifute yeye, ikikataa kuingia kwenye akaunti mpya ujue ni hiyo, na mi kwa hali kama hiyo ningesema kamera itupwe, shilingi elfu hamsini sijui sitini haiwezi kulinganishwa na mwili wako kuzunguka kwenye simu za vijana. Zikikubali, akaunti iwe ya mume wako kwa imeli yake, na wewe uongezwe uwe unaona kama yeye anavyoona. Hilo la wewe kutokuwekewa kwa kisingizio cha bando halikuwa sawa toka siku ya kwanza, wewe ndo uko na watoto, mtu akiruka ukuta saa nane usiku ni wewe unayetakiwa kuangalia simu.

Paswadi ya waifai badilisheni pia maana fundi anayo, aliiandika mwenyewe kwenye kila kamera. Na ile paswadi iliyokuja na kamera, ile ya admin na namba zinazofuatana, msiiache hata siku moja. Mwaka 2016 kuna kirusi kiliitwa Mirai kiliingia kwenye kamera na vifaa vingine vya nyumbani dunia nzima kwa kujaribu tu majina na paswadi za kiwandani, orodha yake ilikuwa na kama 60, basi, na vikatumika kuangusha mitandao mikubwa Marekani. Uingereza toka Aprili 2024 sheria inakataza kuuza kifaa chenye paswadi ya kiwandani ya kubahatisha kirahisi. Huku kwetu mnunuzi anajifanyia mwenyewe. Kama aplikesheni ina ile ya kutuma namba kwenye simu kila mtu mpya anapotaka kuingia, iwasheni.

Kama kwenye simu ya mume wako ikionekana kweli fundi yumo, msiende kumpiga wala kumtangaza kwenye grupu la mtaa. Nendeni polisi na hizo skrinishoti na memori kadi, muombe Dawati la Jinsia na Watoto kwasababu kuna mwanamke na watoto wadogo ndani ya hizo picha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa la jinai. Fundi atasema aliruhusiwa kwasababu alipewa kazi, mjibuni aliruhusiwa kufunga, hakuna aliyemruhusu kuangalia baada ya kulipwa hela yake akaondoka. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yake ya 2022 ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, inapokea malalamiko.

Sasa tuje kwa mume wako, na hapa nitaongea na wewe kama mtu mzima. Mi naamini alianza kwa nia nzuri. Mtu yuko Muscat, kalala chumba kimoja na wenzake, kazi ngumu, habari ya wizi inamfikia hana la kufanya, kamera inampa afueni. Ila mtu anayeulizia kwenye spika aliyekuja ni nani, anayekaribisha wageni wanawake wakiwa vichwa wazi, ameshaacha kulinda ukuta anamlinda mke. Mwambie hivyo hivyo kwa upole. Na ukitaka limwingie, usianze na uhuru wako, maana ameshajiandaa kulikataa neno hilo. Anza na heshima yake yeye. Muulize kama angekubali yule kijana wa mtaani akae kwenye kochi la sebuleni kila jioni akutazame ukipita na khanga. Hakuna mwanaume wa pwani wala wa bara atakayekubali, na kamera ikishakuwa kwenye akaunti ya mtu mwingine ndo kitu hicho hicho kinafanyika.

Umeniuliza kama una haki. Unayo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, unyumba wake na maskani yake, na haijasema ni ya yule aliyenunua matofali. Kamera za nje ni ulinzi, nakushauri ubaki nazo. Sebule na korido ya vyumbani mi msimamo wangu hazifai kuwa na kamera kabisa hata ikiwa kwenye akaunti ya mume mwenyewe, kwasababu mtoto anavua nguo hapo, mdogo wako anavua mtandio hapo, na dada wa kazi naye ni mtoto wa mtu, hakuna aliyemuuliza kama anakubali kurekodiwa saa zote anazokuwa ndani ya hiyo nyumba. Mwite umwambie za ndani zimetoka na kwa nini zimetoka. Kama ndo sababu anaondoka huenda akabaki, na hata asipobaki ana haki ya kujua alikuwa anaonwa na nani.

Mume akikataa kabisa kukusikiliza, akitishia, akilazimisha zirudishwe sebuleni au koridoni, usibishane naye kwenye simu usiku kucha. Mshenga wenu yupo? Mtume yeye, au kaka yake mkubwa, au mama mkwe kama mnaelewana, na beba skrinishoti. Wazee wetu wanaweza wasijue aplikesheni ni nini lakini mwanaume wa nje kumuona mkwe wao akitoka kuoga wanalielewa bila kufafanuliwa. Na kama vitisho vikizidi hapo, lile dawati la polisi nililokutajia ni lako pia kwa hilo.

Kuhusu TV, mdogo wako hajakutisha bure ila kachanganya kidogo. Kwa TV nyingi kinachochukuliwa zaidi ni mnachoangalia kuliko mnachoongea. Vizio, kampuni ya TV ya Marekani, mwaka 2017 ilikubali kulipa dola milioni 2.2 kwa kukusanya kilichokuwa kinaonyeshwa kwenye TV milioni 11 na kuziuza hizo taarifa bila kuwauliza wenye TV vizuri. Masikio yanakuja pale TV inapokuwa na ile huduma ya kuiamrisha kwa sauti, maikrofoni inakuwa kwenye rimoti au kwenye TV yenyewe. Ingia kwenye setingi, tafuta sehemu ya faragha au ya masharti ya matumizi, zima utambuzi wa sauti kama huutumii, zima ile inayotambua vipindi mnavyoangalia, na kila inayotaja matangazo yanayokulenga wewe. Ikikushinda chomoa intaneti kwenye TV muwe mnaangalia kwa king'amuzi tu, na wala usimuite yule fundi aje kukusaidia.